Kufuli la Kisima cha Mama Nyambura

Mkuu wa idara aliniomba niwaandikie nyinyi mliobaki kazini "machache kuhusu utumishi wangu". Akanipa na fomu. Fomu ilikuwa na sehemu ya vyeo nilivyopanda, sehemu ya semina nilizohudhuria, na mistari mitatu chini kabisa ya "mengineyo". Niliirudisha ikiwa tupu, nikachukua daftari la mjukuu wangu, kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa kwenye hayo mengineyo. Vyeo viko ndani ya faili, na faili ziko chini ya ulinzi wa panya, kwa hivyo tuviache vipumzike.

Kwa wale wageni, mimi ni Roselida Nafula. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi wa maji yanayomwagwa. Watu wakisikia nafanya kazi ya maji huniuliza kwao bomba litarudi lini. Sijawahi kurudisha bomba la mtu. Mimi nilikuwa yule wa kuuliza: haya maji mnayoyamwaga yametoka wapi, yana nini ndani, na nani anaishi huku yanakokwenda? Eneo langu lilikuwa Eastlands na viwanda vyake: vya rangi, vya sabuni, vya ngozi, pamoja na gereji na vituo vya mafuta. Nikifungwa macho nikizungushwa huko, nitakuambia niko wapi kwa harufu.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya visigino. Haya, chekeni. Nilikuwa nimetoka chuoni, mama yangu ameniombea kanisani kule Bungoma, na sikutaka kumwaibisha. Nikapelekwa kwa Bi. Zuhura, fundi wa maabara, mzaliwa wa Pumwani, mwanamke mfupi ambaye miwani yake ilishikwa na uzi. Aliniangalia kuanzia chini kwenda juu.

"Umekuja kazini au umealikwa harusi?"

Kufika saa nne tulikuwa ndani ya mtaro nyuma ya kiwanda cha rangi. Kisigino changu kimoja kilibaki kwenye tope na kiko huko hadi leo. Bi. Zuhura alisimama pembeni akinywa kahawa ya tangawizi, hana haraka. Jioni ile alinipeleka soko la Kariokor mwenyewe, akanichagulia akala za tairi, akazikunja na kuzikunjua mbele ya muuzaji mpaka muuzaji akaudhika. Akala hizo zimebadilishwa kamba mara nyingi, lakini zimetembea mitaro mingi kuliko wanasiasa wote niliowahi kuwapigia kura.

Yeye ndiye aliyenifundisha chupa. Nyinyi mnaijua, ile ndogo ya kioo cha kahawia. Unaisogeza kwenye bomba taratibu, maji yasirukeruke. Unaijaza mpaka yavimbe mdomoni, unafunga, unaipindua kichwa chini, unaigonga kwa kidole. Ukiona kapovu, hata kadogo kama punje ya wimbi, unatupa unaanza upya. Petroli iliyo ndani ya maji inatafuta hewa. Ukiiachia nafasi inatoka, inaenda zake, na wewe unafika maabara umebeba maji masafi na uongo.

"Mwanangu," aliniambia, "hiyo sampuli ni mfungwa. Ukimwachia mlango wazi usinililie baadaye."

Na akanipa sharti moja: nisitie sahihi juu ya maji ambayo sikuyachota kwa mkono wangu. Nililishika sharti hilo miaka na miaka, hata baada ya Bi. Zuhura kututoka, Mungu amrehemu. Nililivunja mara moja. Hiyo mara moja ndiyo ninayotaka kuwaandikia, hayo mengine ni ya kupitisha muda tu.

Ilianza na chai. Mama Nyambura aliingia ofisini siku moja asubuhi, hakubisha hodi, akaweka thamosi ya maua mekundu juu ya meza yangu.

"Fungua, mama. Unuse."

Nilifungua kifuniko nusu tu, sikuhitaji kuendelea. Chai ilikuwa ya maziwa, yenye rangi nzuri kabisa, na ilinuka kama gereji.

"Hiyo nimepika na maji ya kisima changu," alisema. "Wapangaji wangu wananiuliza siku hizi naosha sufuria na nini. Mimi! Mwanamke ambaye hata majirani huja kuomba chai!"

Mama Nyambura ni mjane. Ana ploti ya vyumba vya mabati karibu na mtaa wa Mukuru kwa Reuben, nyuma ya kituo kimoja cha mafuta. Kituo nitakiacha bila jina, chenyewe kinajijua. Katikati ya ploti kuna kisima alichochimba marehemu mume wake pamoja na shemeji yake, kwa jembe na kamba. Mnajua mabomba ya huko yanavyokauka. Watu walihamia kwake kwa sababu ya kisima, walizaa hapo kwa sababu ya kisima. Bila kisima, ile ni mabati tu yenye joto.

Tulichimba, tukapima, tukagundua kwamba tangi la zamani la kituo lilikuwa limetoboka chini ya ardhi na kuvuja kimyakimya kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuniambia. Petroli ilikuwa imeingia kwenye maji ya chini na ilikuwa inatembea polepole kuelekea kisimani. Siku hiyohiyo nilifunga mfuniko wa chuma wa kisima kwa mnyororo na kufuli langu. Wapangaji walisimama milangoni na ndoo tupu. Mama Nyambura ndiye aliyesema.

"Aliyemwaga ni yule. Anayefungiwa ni mimi."

"Naye ninamfungia, mama. Kesho hatauza hata lita moja."

"Na changu kitafunguliwa lini?"

Sikujua. Jibu la haki lilikuwa kwamba sijui, pengine miaka mitano, pengine kumi. Lakini ulimi wangu huwa unaondoka kabla akili haijavaa viatu. "Nitakuja kukifungua mimi mwenyewe," nikasema, "kwa mkono huu, kabla sijastaafu."

Nilikuwa nimebakisha miaka minne na miezi kadhaa. Ufunguo niliutia kwenye kishikizo kimoja na wa nyumba yangu, ili kila siku nikifungua mlango wangu nikumbuke wa mwenzangu.

Sasa sikilizeni namna ya kazi yenyewe, maana wengine mtakutana nayo. Tangi bovu lilitolewa. Mwenye kituo aliajiri kampuni ya kusafisha, nao wakatoboa visima vyembamba kuzunguka kituo na kuanza kupiga pampu. Maji machafu yanavutwa juu, yanapita kwenye chombo cha kutenganisha mafuta, kisha yanapita kwenye tangi lililojaa makaa maalum. Si makaa ya jiko, jamani, kuna afisa mmoja aliwahi kuniuliza. Makaa hayo hunasa petroli, maji yakatoka upande wa pili yakiwa safi. Kisha lazima yaende mahali, na mahali penyewe palikuwa mtaro wa mvua unaopita nyuma ya ploti ya Mama Nyambura na kushuka mpaka kwenye vishamba vya sukumawiki ambapo akina mama hunyunyizia. Ndiyo maana yalihitaji kibali, na kibali kilihitaji sahihi yangu.

Kampuni iliongozwa na Injinia Mutiso, mtu mpole, mwenye shati jeupe hata siku ya tope. Mtambo wenyewe ulilindwa na fundi aliyeitwa Shikuku, baba wa watoto watano, mkazi wa Mukuru kwa Njenga, aliyekuja kazini kwa miguu na kufika kabla ya kila mtu. Alikuwa mtu wa kwetu. Tulisalimiana "mulembe" na nilimpenda mara moja, kwa sababu alikuwa amepanga spana zake kwa ukubwa na kuzifuta kwa kitambaa.

Sampuli ya kwanza niliichota mwenyewe. Makaa yalikuwa mapya, maji yakatoka safi kama inavyotakiwa. Nikatoa kibali cha muda. Nikaandika maagizo ya sampuli za kila wiki kwenye karatasi moja: chupa ya kioo, ijazwe mpaka juu, pasiwe na hewa, iwekwe kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo. Nilijiona mjanja.

Majibu yakaanza kuja. Kila wiki benzini, ile sumu iliyo ndani ya petroli tunayoiogopa kuliko zote, haikupatikana. Wiki nyingine haikupatikana. Wakati huo gari la idara lilikuwa gereji, mimi nilikuwa na kiwanda cha ngozi kilichonisumbua, na goti langu lilikuwa limeanza mambo yake. Kibali cha muda kilipoisha, niliweka yale majibu yote kwenye rundo moja, nikayaona yamefanana, nikatia sahihi kibali kamili. Nilitia sahihi nimekaa kwenye kiti. Bi. Zuhura angenivua akala akanipiga nazo.

Miezi ikapita. Mama Nyambura akapiga simu.

"Mama Nafula, mtaro unanuka."

"Hapana, mama. Ninayo majibu hapa mezani. Maji ni masafi."

"Hayo makaratasi yako yana pua?"

Niliudhika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliudhika kwamba mtu asiye na maabara ananiambia habari za maji. Lakini asubuhi iliyofuata nilivaa akala nikaenda bila kumwarifu mtu. Ilikuwa siku ya sampuli.

Nilimkuta Shikuku ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa. Mbele yake palikuwa na ndoo pana nyeupe, inang'aa kwa usafi, imejaa maji mpaka karibu na ukingo, iko wazi juani. Pembeni chupa zangu za kahawia zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa, kwa ukubwa.

"Mulembe, Madam."

"Mulembe. Unafanya nini, Shikuku?"

"Nangoja yatulie."

"Nini yatulie?"

"Maji. Nimeyachota bombani saa moja. Kufika saa nne uchafu unakuwa umeshuka chini, nachota ya juu taratibu, najaza chupa. Hewa siachi hata kidogo, ile yako nimeshika."

Niliichungulia ile ndoo. "Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu ile wiki ya pili, uliponiachia. Kwani kuna shida, Madam?"

Msiomjua mtu wa Mukuru mtadhani alikuwa na njama. Mimi nilijua palepale kwamba hana. Huko maji yakija yanakuja na kutu, na mchanga, na mengine ambayo hupendi kuuliza. Unajaza pipa, unaliacha. Hakuna anayegusa. Yakishatulia ndipo unachota ya juu, kwa kikombe kisafi, usitikise. Mwanamke anayempa mgeni maji ambayo hayajatulia atasemwa mpaka ahame. Shikuku alikuwa ameletea serikali heshima ile anayomwekea mgeni wa nyumbani kwake. Aliosha ndoo kwa sabuni. Alikaa juani saa tatu akifukuza nzi kwa kofia. Na katika saa hizo tatu, kila kitu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kinapanda juu ya ndoo, kinaondoka zake na upepo.

Na karatasi ya maagizo nilikuwa nimeiandika mimi. Nilisema chupa ijazwe vipi. Sikusema ijazwe kutoka wapi, kwa sababu haikuniingia akilini kwamba mtu anaweza kuchota mahali pengine isipokuwa bombani. Karibu miaka thelathini kazini!

Nikafungua bomba la mwisho, nikainamisha uso. Harufu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Ilikuwa ile ya thamosi ya maua mekundu. Nilikaa kwenye kreti ya Shikuku, naye akaanza kuogopa.

Nilichota chupa mbili siku hiyo. Moja ya ndoo, saa nne kamili, jinsi alivyozoea. Nyingine moja kwa moja bombani. Barafu yangu ilikuwa imeyeyuka, nikaomba kwa mama muuza samaki wa kona, akanipa na harufu ya mbuta juu yake. Nikapeleka maabara mwenyewe. Majibu yalikuja ndani ya wiki. Ya ndoo: haikupatikana. Ya bomba: mara kadhaa juu ya kiwango.

Injinia Mutiso alileta rundo lake lote la majibu safi, akaliweka mbele yangu.

"Madam, kwa heshima, haya yote dhidi ya chupa moja?"

"Hayo yote ni ndoo moja, Injinia. Umeipima mara nyingi tu."

Bosi wangu wa wakati huo aliniita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kupenda utulivu. "Roselida, kibali ni chako. Ukikifuta unajifuta mwenyewe. Umebakisha muda mfupi. Si waongeze tu makaa polepole, yaishe?"

Nilirudi mezani nikaandika barua ya kufuta kibali. Sentensi ya kwanza ilikuwa: "Nilikosea." Nilikaa nayo nikiiangalia. Ni neno fupi, lakini mkono ulikuwa mzito, na sitawadanganya, nililia kidogo. Kisha nikapiga muhuri.

Sasa Injinia akanipa kitu kigumu kuliko cha bosi. Tulikuwa tumesimama kituoni, yeye, mimi na mwenye kituo, ambaye alikuwa amemaliza kujenga upya na alikuwa anasubiri siku ya kufungua. "Sawa," Injinia akasema, "hatumwagi tena. Lakini nikizima pampu, Madam, uchafu unaanza kutembea upya kuelekea kwa yule mama. Kazi ya miaka miwili inarudi kisimani. Chagua. Mtaro, au kisima?"

Na alisema kweli. Ndivyo ilivyo. Nilisimama pale na ufunguo wa Mama Nyambura mfukoni, nikahisi umenichoma. Nikiruhusu maji, nawatilia sumu akina mama wa sukumawiki. Nikizuia, naua kisima nilichoapa kukifungua. Niliangalia chini, nikaona nimesimama juu ya vifuniko vitatu vipya vya chuma, rangi bado inang'aa.

"Haya matangi mapya," nikauliza, "yana mafuta?"

"Bado," mwenye kituo akajibu kwa fahari. "Tunajaza wiki ijayo. Tunafungua na bendi."

"Bendi iambie ipumzike. Injinia, usizime pampu. Jaza humu mpaka makaa yabadilishwe."

Lo! Mtu yule alipiga kelele mpaka wauza matunda wa ng'ambo ya barabara wakavuka kuja kusikiliza. Matangi mapya! Maji machafu! Aliuliza kama najua yeye ni nani. Nikamwambia namjua vizuri sana, ni yule aliyetia petroli kwenye chai ya mjane. Wauza matunda walicheka, na baada ya hapo alipungua sauti. Injinia Mutiso alikuwa amegeuka upande kana kwamba anaangalia pampu, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kufika jioni bomba la pampu lilikuwa limeelekezwa ndani ya tangi la kwanza, na valvu ya mtaro nimeifunga mwenyewe mpaka kiganja kikauma.

Siku iliyofuata nilifanya lile ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. Mama Nyambura alinisindikiza, tukashuka na mtaro kishamba kwa kishamba. Niliwaambia akina mama kwa mdomo wangu kwamba mimi ndiye niliyesema maji ni masafi, na hayakuwa. Waling'oa sukumawiki yao. Mmoja alinitukana mimi na ukoo wangu, taratibu, bila kusahau mtu. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa na haki.

Shikuku alitaka kuacha kazi. Alinijia amevua kofia. "Madam, nimewalisha watu sumu."

"Wewe ulifuata karatasi. Aliyeiandika ana vyeti ukutani. Ukiondoka wewe, na mimi niondoke, nani atabaki anayejua kosa lenyewe linafanana na nini?"

Alibaki. Makaa yalipofunguliwa yalikuwa yameshiba kitambo. Niliandika masharti mapya: matangi mawili ya makaa, moja baada ya jingine, na bomba dogo katikati yao. Unapima katikati. Petroli ikionekana hapo, la kwanza limeshiba, unalibadilisha, na la pili bado linakulinda. Wengi wenu mnadhani sharti hilo lilitoka kwenye kitabu. Lilitoka kwenye ndoo nyeupe ya Shikuku. Na karatasi ya maagizo aliiandika upya yeye mwenyewe, kwa kalamu nene, akaigundisha ukutani: MAJI YA KUPIMA HAYATULIZWI. BOMBA MPAKA CHUPA.

Alikuwa mkali, huyo! Siku moja Injinia alichota sampuli mwenyewe kwa haraka. Shikuku akaichukua, akaipindua, akaigonga. "Injinia, kapovu." Injinia akasema ni kadogo. "Hata mwizi mdogo ni mwizi," Shikuku akamjibu, akamwaga yote. Injinia Mutiso, na shati lake jeupe, akapiga magoti akachota upya. Nilitamani Bi. Zuhura angekuwepo.

Kibali nilikirudisha nilipochota mwenyewe wiki baada ya wiki, goti au lisiwe goti. Maji yakatoka safi kweli. Kituo kilifunguliwa bila bendi. Mtaro uliacha kunuka, na baada ya udongo kupimwa, vishamba vikarudi kijani. Yule aliyenitukana alinitumia fungu la sukuma kupitia Mama Nyambura. Hakutuma maneno.

Kisima kilikuwa na mwendo wake. Mara ya kwanza kiwango cha benzini kilishuka kidogo. Masika ikaja kikapanda, nikakosa usingizi. Kikashuka tena. Wakati huo wapangaji walikuwa wanaletewa maji ya lori, wengine walishahama, na kila nikipita Mama Nyambura aliniuliza swali moja tu: "Umebakisha muda gani?" Nilibakisha mwaka. Nilibakisha miezi minane. Kisha yakaja majibu ya kwanza safi, na sikumwambia mtu. Nikangoja ya kiangazi. Safi. Ya mvua za vuli. Safi. Ya nne niliichota nikiwa nimebakisha wiki tatu, nikaipindua chupa mara sita, na ilipotoka maabara nilimwambia kijana wa mapokezi anisomee yeye, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa. Haikupatikana.

Nilienda siku ya Jumanne ya wiki yangu ya mwisho. Ploti yote ilikuwa nje, wapangaji waliobaki na waliohama. Shikuku alikuja na kofia mpya. Injinia Mutiso alikuja pia, hakuna aliyemwita. Nikatoa ufunguo, nikautia kwenye kufuli, nikazungusha. Haukuzunguka. Miaka minne ya mvua, kufuli lilikuwa limeoza kwa kutu.

"Tia dizeli kidogo," fundi mmoja wa jirani akashauri. "Inalegeza."

"Dizeli?" Mama Nyambura alimgeukia. "Dizeli, hapa? Thubutu!"

Watu walicheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia kwa kelele. Yakaletwa mafuta ya kupikia kwenye kijiko. Nilitia, nikangoja, nikazungusha kwa mikono miwili, na kufuli likaachia kwa mlio ambao bado nausikia. Mnyororo ulianguka. Mama Nyambura akapiga zile ngemi za kwao, akina mama wengine wakaziitikia, nami Mbukusu nikaunga na vigelegele vyangu bila kuomba ruhusa. Nilikuwa nimeshinda, jamani. Sioni aibu kulisema. Nilikuwa nimekosea vibaya, na nilikuwa nimeshinda.

Ndoo ya kwanza aliichota mwenyewe. Nilijaza chupa yangu moja, nikaipindua. Nikampa Shikuku, akaipindua, akaigonga, akatikisa kichwa kukubali. Kisha tukaingia ndani kwake pamoja na Injinia, Mama Nyambura akaiweka ndoo juu ya stuli, akachukua kikombe cha kuchotea. Shikuku alimshika mkono, akaniangalia. Hakujua tena amruhusu au amzuie.

"Madam?" akauliza. "Haya je?"

"Haya yaache yatulie, Shikuku."

Tukakaa wanne kuizunguka ile ndoo, hakuna aliyekuwa na haraka, mpaka tukaona chini yake. Mama Nyambura akachota ya juu, taratibu, asitikise. Akapika, akaimimina ndani ya thamosi ileile ya maua mekundu, akaisukuma mbele yangu.

"Fungua, mama. Unuse."

Nilifungua. Palikuwa na majani, maziwa na tangawizi. Nilinusa tena, kwa mazoea ya kazi, nikitafuta kingine. Hakikuwepo.